Nafasi ya Kwanza, kwa Chaki

Mlango wa karakana ya Chengo, pale Maweni,
ni bati la kontena, na juu yake
kwa chaki, kanda kumi bora za muziki wa chuma
kwa mujibu wetu sisi, Malindi.
Mimi ndiye mshika chaki.
Sikuchaguliwa. Nina mwandiko tu.

Majina ya jaladani hatuyatumii.
Majalada yaliliwa na chumvi zamani.
Sanduku lilikuwa la Mtaliano aliyeuza nyumba,
akamwachia Mwaringa, bawabu wake,
kanda thelathini na moja
badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho.
Mwaringa aliziuza kwa bei ya ndizi, huku akitukana.

Kwa hiyo sisi husema: Ya Kengele.
Nyundo Mbili.
Ya Yule Anayelia Kama Fisi
(Chengo anasema si fisi, ni msumeno).
Ya Dakika Kumi na Saba.

Jumapili, moto wa kuchomelea ukishazimwa,
tunakalia mageti ya watu wasiolipa
na kuanza upya.

Chengo: Ya Kengele ni ya kwanza, kesi imefungwa.
Sikia ngoma inavyoingia. Hiyo si ngoma,
huyo ni mtu amekuja kudai deni.

Shekuwe, muuza barafu, mzaliwa wa Faza,
hajibu kwa nathari. Kwao hata ugomvi wa mbuzi
huamuliwa kwa vina. Anafuta mikono, anasimama:

    Chengo wasifu kengele, kengele ni ya shuleni,
    Mie nataka kelele, ziningie mifupani,
    Nyundo Mbili iwe mbele, yapanda kutoka chini,
    Ukibisha nenda zako, kachomelee dirisha.

Tukapiga mapipa. Hoja ilishinda kwa vina, si kwa gitaa,
lakini nikafuta, nikaandika.
Jumapili iliyofuata nikafuta tena.
Miaka tisa hivyo. Pale penye namba moja
rangi imekwisha, bati linang'aa
kama sarafu.

Kisha akaja Nyevu, mfua mashuka hotelini,
kuulizia geti lake. Akasoma mlango, akaguna.
Ya Kengele? Kwangu mimi ni ya nane.
Upande wa pili, katikati ya wimbo wa tatu,
baba anakohoa, anauliza, "Imeingia?"
halafu anahesabu minazi yake ya Ganda
mpaka arobaini na mbili.
Gitaa likirudi, mimi nishaizima.

Minazi gani? akasema Chengo. Kanda yangu haina minazi.

Ndipo kila mtu akakimbilia kwake.
Ya Chengo ilitafunwa na redio mwaka ule wa mafuriko,
wimbo wa mwisho hajawahi kuusikia.
Redio ya Shekuwe mkanda wake umelegea,
betri anazianika juani ziongeze siku mbili:
kwake kila mwimbaji ni jitu, kila nyundo inaanguka
kutoka orofa ya tatu.
Na mimi, mwenye chaki?
Mimi sijawahi kumiliki kanda hata moja.
Nilipanga chumba nyuma ya Chengo. Niliusikiliza ukuta.
Besi tupu, miaka yote, nami nikitoa hukumu.

Tsofa, mwanagenzi, ana miaka kumi na sita,
akaitafuta ile yenyewe kwenye simu, nzima, safi.
Tukasikiliza mpaka mwisho bila kutazamana.
Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa kama mtu unayemjua
amenyoa ndevu.

"Kumbe wana haraka," Shekuwe akasema.

Tukaipa namba tano.

Namba moja ikabaki wazi, mbu wakaanza.
Nikanyanyua chaki, nikaandika:
Ya Kengele, ya Nyevu, upande wa pili.

Chengo akaruka. Minazi si chuma!

Nyevu alikuwa ameshalishika geti lake upande mmoja,
akimngoja Tsofa ashike wa pili.
"Hujamsikia," akasema, "akihesabu."